Chungu Kilichosubiri Mzinga

Bi Mwamvua binti Usi alikuwa mwoga. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wa mtaa wa Malindi, hapa Unguja, wanaomkumbuka humsifu vitumbua vyake na adabu yake, halafu hunyamaza, na mimi Shemsa niliyekaa chumba cha juu ya chake naona wanampunja. Aliogopa radi, aliogopa daktari, aliogopa barua hata ikiwa ya mtu mwingine. Mlango ukigongwa kwa nguvu huitika "Naam!" huku keshajishika kifua. Na kuliko vyote aliogopa kufukuzwa chumbani mwake.

Chumba chenyewe ungekiona ungecheka. Kilikuwa chini, upande wa uchochoroni, kina dirisha moja la nondo na ukuta unaobanduka chokaa kila masika. Lakini kilikuwa cha wakfu. Nyumba ile yote iliwekwa wakfu na marehemu Bi Wanu, mwanamke wa mali ambaye hakujaaliwa mtoto, ili wakae humo wajane wasio na pa kwenda, bure, mpaka Mwenyezi Mungu awachukue. Sharti lake kubwa ni kwamba ulevi usiingie mle ndani, na atakayeuingiza atoke siku hiyo hiyo. Kwetu sisi lilikuwa sharti rahisi. Nani kati yetu alikuwa na haja ya ulevi? Tulikuwa tukipata kizunguzungu cha bure kwa njaa na ngazi.

Bi Mwamvua alitoka Makunduchi. Mumewe alipokufa alirudi kwa kaka yake, na huko akalazwa kwenye banda la jikoni, kando ya kuni, na wifi yake akawa kila akipakua chakula humtazama mkono mpaka ufike mdomoni. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alitazamwa tu, na kwa mtu mwenye haya kama yeye hiyo ilitosha. Siku aliyopata chumba cha wakfu alilala kutwa nzima, mlango ameufunga kwa ndani, na alipoamka akaniambia, "Shemsa mwanangu, leo nimelala bila ya kutazamwa."

Kila mwanzo wa wiki mgema mmoja wa Kidichi, jina lake Mcha, humletea chupa ya tembo tamu la mnazi, lililotegwa usiku na kuteremshwa alfajiri kabla jua halijaligusa. Tembo la namna hiyo ni kama maji ya madafu, mtoto hunywa asidhurike, na masheikh hawana neno nalo. Yeye hilitaka kwa chachu yake tu. Akiroweka mchele usiku, akiutwanga, akiuchekecha, na sehemu ya unga ule akiupika uji mzito. Uji huo akiuacha upoe mpaka kidole kikiingia kisisikie moto wala baridi. Ukiwa wa moto unaiua chachu, alisema, na ukiwa wa baridi inalala. Hapo ndipo hutia tembo na sukari kidogo, akakoroga kwa mwiko wa mti, akafunika chungu kwa kitambaa cheupe na kukisogeza karibu na jiko. Baadaye huja kuweka sikio. Chachu nzuri husikika ikinong'ona.

Aliyoichukua kwa ajili ya vitumbua huifidia kwa unga na sukari, na chini ya chungu daima hubakia kiasi cha kuzalia nyingine. Na pua yake ilikuwa kali kuliko ya kadhi. Chachu ikikaa ikachacha hata harufu ikamchoma macho, huimwaga yote shimoni, hata kama siku hiyo hatauza kitu. Nilishamwona akiimwaga huku analia kwa hasara.

Ilikuwapo desturi nyingine, aliyoachiwa na mamaake. Kwao chachu hainyimwi mtu. Ni kama kaa la moto la kuwashia jiko: jirani akija na kifuu chake humtilii maneno, humuulizi ya nini, unampa. Naye harudishi kifuu kitupu. Hutia konzi moja ya unga wa kile alichopika, na mwenye chungu huupokea unga ule na kuumimina chunguni, chachu iule, ili baraka iliyotoka irudi. Bi Mwamvua hakuwahi kumnyima mtu, na hakuwahi kukataa konzi ya mtu. Angekufa kwa haya.

Basi mwezi wa Shaabani alikuja Makungu. Huyu alikuwa hamali wa bandarini, mtu wa bara, mabega mapana, sauti ndogo. Kila asubuhi alipita dirishani kununua vitumbua, na hajapata hata siku moja kusahau kuamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Bibi, nnaomba chachu kidogo."

Akampa kifuu kizima. Hakumuuliza. Makungu akakirudisha kifuu kimejaa unga mwekundu, wenye harufu ya udongo na utamu kwa mbali. Bi Mwamvua akaunusa, akasema bismillahi, akaumimina. Kesho yake chungu kilipata wazimu. Chachu ilikisukuma kitambaa juu, ikamwagika pembeni, na vitumbua vya siku ile vilikuwa laini, vimejaa vishimo, hata Bwana Msabah, msimamizi wa wakfu, alipeleka mtu kwake mara ya pili kununua vingine.

"Unga gani huo mwekundu?" nilimuuliza.

"Wa mtama. Watu wa bara wanapenda mtama," alinijibu, na furaha imemjaa.

Makungu akaomba tena, akarudisha tena. Hivyo hivyo mpaka Ramadhani ikaandama, na biashara ikamzidi Bi Mwamvua. Hiyo ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa hamsini na nane, iliyoingia mwezi wa Machi, joto la kabla ya mvua, lile ambalo ukuta wenyewe unatoa jasho. Watu walikuwa wakipanga foleni uchochoroni tangu alasiri kungoja vitumbua vya kufuturia.

Siku moja ya mfungo ule, baada ya adhuhuri, alikuja jirani yetu Khamisa na habari, na Khamisa akija na habari hata viatu havui. Askari wamemkamata Makungu, alisema. Wamemkuta Funguni, nyuma ya vibanda, na pipa zima la pombe ya mtama.

"Masikini," alisema Bi Mwamvua, kwa kuwa alimpenda kijana yule.

"Masikini wewe!" akasema Khamisa. "Wamemuuliza pombe yake imekuwaje kali hivi. Akasema chachu anachukua kwa Bi Mwamvua wa nyumba ya wakfu, na yeye humrudishia kimea. Kasema mbele ya watu wote, tena kwa kukusifu!"

"Kimea ndiyo nini?"

"Mtama ulioota, Bi. Unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa. Ndio huo watu wa bara wanaoutilia pombe."

Mwiko ulimponyoka. Nilimwona akikitazama chungu, na uso wake ukawa wa rangi ya jivu. Nami nikaogopa, sikufichi. Niliogopa kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, maana mimi nilikuwa nikila vile vitumbua na kumsifu.

"Shemsa," alisema, "mimi nimekuwa nikilisha pombe chungu changu?"

Mimi nilijua kushona kofia tu. Unga wa mtama ulioota ukitiwa katika chachu ya vitumbua, inakuwa pombe au inabaki chachu? Nani wa kumuuliza, na Ramadhani hiyo? Nikamwambia aimwage. Akachutama, akakishika chungu kwa mikono miwili, na kabla hajakiinua mlango ukagongwa kwa nguvu. Hakuitika "Naam" safari hii.

Alikuwa Bwana Msabah. Mtu huyu alivaa kanzu iliyopigwa pasi hata ikaweza kusimama peke yake, na alikuwa na mazoea ya kuingia nyumba za watu na pua mbele. Mimi simpendi mtu wa namna hiyo. Keshakufa, Mungu amrehemu, na bado simpendi. Nyuma yake alifuatana na Mzee Kificho, mwadhini mstaafu, aliyeletwa awe shahidi na aliyeonekana wazi kuwa angependa kuwa kwake amelala.

"Bi Mwamvua," alisema Bwana Msabah, "unakwenda kuimwaga?"

Na mikono yake bado iko kwenye chungu! Angekutwa ameketi mkekani anapepeta mchele mambo yangekuwa mengine. Lakini alikutwa vile, na hakuwa na uwongo wowote karibu.

"Ni chachu ya vitumbua, Bwana."

Bwana Msabah akainama, akafunua kitambaa, akanusa. Akanusa tena. "Inanuka."

"Chachu yote inanuka, Bwana."

"Kuna kunuka na kunuka. Kama humu mna pombe, Bi Mwamvua, unajua sharti la marehemu. Utatoka leo, na Idi itakukuta Makunduchi."

"Kama imo, sikujua."

"Sharti halikusema kwa kujua wala kwa kutokujua."

Watu walishaanza kujaa uchochoroni, maana Khamisa hakuja kwetu peke yetu. Mmoja akasema si ionjwe tu, mambo yaishe. Ionjwe na nani? Wote tumefunga. Akasema mwingine kwamba mpishi ana ruhusa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Bwana Msabah akakasirika: mchuzi huonjwa hivyo kujua chumvi, alisema, lakini ulevi haujulikani ulimini, unajulikana ukishashuka. Hapo kijana mmoja nyuma akapiga kelele kwamba mtaa wa pili yuko fundi cherehani Mgoa, Mkristo, hafungi, na bia anaijua toka utotoni.

"Tukamtafute Mgoa atuhukumie nyumba ya wakfu?" aliuliza Bwana Msabah, na watu wakacheka. Bi Mwamvua hakucheka. Alikuwa akitetemeka mpaka pindo za kanga zinacheza.

Bwana Msabah akatoa hukumu. Chungu kitolewe nje, kiwekwe barazani mbele ya macho ya watu, kisiguswe na mtu yeyote. Mzinga wa kufuturu ukilia, kitaonjwa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye balaa, na katika watu wote wale aliyeliona ni Bi Mwamvua peke yake. Baraza yetu inaelekea magharibi. Jua la alasiri linaipiga yote. Na chachu haikai ikakungojea. Saa hii ni tamu, saa ijayo ina ukali, na ukiiweka juani hali imeshiba unga, hukimbia. Hata kama chungu kile kilikuwa safi kikitoka ndani, mzinga ungelia kikiwa kitu kingine.

"Bwana Msabah, kwa hisani yako, tukiweke kivulini."

"Kwa nini?"

"Joto linaigeuza."

"Itageukaje ikiwa si pombe?" alisema, akafurahi na jawabu lake mwenyewe. Akaketi upande wa kivulini, kanzu akaikunja vizuri, tasbihi mkononi, macho kwenye chungu. Mzee Kificho akaketi pembeni yake, akasinzia.

Bi Mwamvua hakuwa na la kufanya ila kuwasha jiko. Unga wa siku ile, uliokwisha kutiwa chachu, ulikuwa umeumuka, na watu walikuwa wanangoja. Akapanga chuma chake cha vitumbua dirishani, akatia mafuta, akaanza kumimina. Unga ukawa unamwagika pembeni ya vishimo. Vitumbua vya mwanzo viliungua. Mwanamke huyu aliweza kukaanga macho amefumba, na sasa anaunguza! Akageuza kimoja, akatupa jicho barazani, akageuza kingine. Mimi nilisimama nyuma yake nampepea, na nikasikia akisoma aya chini chini, akifika katikati anakosea, anaanza tena.

Wanunuzi nao walikuja wakasita. Waliotangulia kuchukua walinusa. Mama mmoja, ambaye tangu mwanzo wa mfungo hakukosa hata siku moja, alikipokea kikapu chake, akakitazama, akakirudisha dirishani bila ya neno. Nilimwita jina lake kwa sauti, nikamwambia kama anaogopa pombe basi amelewa Ramadhani nzima, aende akalale. Bi Mwamvua alinibana mkono niache. Hakutaka ugomvi. Alitaka jua lizame, na papo hapo alitaka lisizame.

Chungu kilianza kunong'ona. Kwanza tuliokuwa karibu tu ndio tuliosikia. Halafu kitambaa kikaanza kupanda katikati, taratibu, kikawa kama tumbo la mtu anayevuta pumzi. Watoto wakakisogelea kukitazama, mama zao wakawavuta. Povu likatoka pembeni, likateremka ubavuni mwa chungu, likadondoka barazani. Harufu ikajaa uchochoro. Nilipozinusa zile pumzi zilinichoma macho, na nikageuka haraka nisimwangalie Bi Mwamvua, maana nilijua yeye ilishamchoma kitambo, na siku yoyote nyingine angekuwa ameshaimwaga.

Bwana Msabah alinyanyua uso, akavuta hewa, akatikisa kichwa.

"Shemsa," Bi Mwamvua aliniambia kwa kunong'ona, "nifungie nguo zangu. Na mto wangu. Usisahau mto."

"Sikufungii kitu," nilisema.

"Wifi yangu atanitazama," alisema. "Safari hii atakuwa na haki." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa kuwa vidole vina unga.

Mzinga ulilia, nao ulikuwa karibu na sisi hata nondo za dirisha zikatetema. Siku zote sauti ile huwa furaha. Siku ile watu walistuka kama wamepigwa wao. Bwana Msabah akasoma dua yake, akala tende, akanywa maji. Mzee Kificho akazinduka, akala tende yake. Mimi nilimtilia Bi Mwamvua tende mdomoni kama mtoto.

"Haya," alisema Bwana Msabah. Akachukua kata, akafunua kitambaa, akachota. Akaileta kata mpaka kwenye ndevu zake, na hapo ikasimama.

Nikaona jambo limemjia ambalo alasiri yote ile hakuliwaza. Ikiwa si pombe, atakuwa amemdhulumu mjane. Na ikiwa ni pombe, basi yeye Msabah, msimamizi wa wakfu, atakuwa ameinywa, Ramadhani, na mtaa mzima unamtazama. Akaitazama kata, akautazama mtaa. Ningecheka kama moyo wangu ungekuwa na nafasi.

Akamgeukia Mzee Kificho, akamnyooshea kata. "Mzee, wewe ndiye shahidi."

"Mimi ni shahidi wa macho, bwana," alisema Mzee Kificho. "Koo langu liache."

Akaizungusha kata kwa watu, na watu wakarudi nyuma. Hata yule kijana aliyemtaja Mgoa. Bwana Msabah akairudisha kata ndani ya chungu, akajifuta mkono, na nikaiona sura yake ikikaa sawa, sura ya mtu aliyepata njia ya kutokea.

"Kitu ambacho Waislamu wote hawa wanaogopa kukionja," alisema, "kimeshajihukumu. Bi Mwamvua, kusanya vyako."

Bi Mwamvua alitoka mlangoni. Nilidhani anakuja kumwangukia miguuni. Akampita. Akaichukua kata, akachota ikajaa mpaka ukingoni, akainywa. Hakuonja, alikunywa, kwa kituo, kata nzima, povu likamshika juu ya mdomo.

Alipomaliza alisimama pale barazani kitambo. Alikuwa hajala kitu tangu daku ila ile tende moja. Akaiweka kata juu ya kitambaa, akajifuta mdomo, akamtazama Bwana Msabah usoni. Wala mimi sijapata kumwona akimtazama mwanamume yeyote usoni.

"Ni chachu," alisema.

"Utaapa?"

"Wallahi ni chachu."

Sauti yake ilikuwa safi, haikutetemeka hata herufi moja. Mwanamke amekunywa mbele ya watu, na ameapa kwa jina la Mungu katika mwezi mtukufu. Nani tena wa kumdai zaidi? Mzee Kificho akasema jambo limekwisha, Magharibi inawapita, na wote wawili wakaondoka kwa haraka kuelekea msikitini. Watu wakavifuata vitumbua. Vilikwisha vyote, hata vilivyoungua.

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga kigelegele. Yeye alikaa chini, mgongo ukutani, akaniambia miguu yake ina joto na kichwa chake ni chepesi. Nikamwambia ni njaa. Akala uji, akalala. Asubuhi nilipoteremka nilimkuta amekaa palepale, na woga umemrudia, lakini haukuwa ule wa zamani wa radi na barua. Huu ulikuwa umetulia.

"Shemsa, mtu akilewa huwaje?"

"Mimi nitajuaje?"

"Wala mimi sijui," alisema. "Nimeapa juu ya kitu nisichokijua. Ikiwa ilikuwa chachu, nimesema kweli. Ikiwa ilikuwa pombe, nimefuturu kwa pombe na nikaapa uwongo, na chumba hiki nimekipata kwa kiapo hicho."

Nilimwambia mambo yote ambayo mtu huyasema. Mungu anaijua nia yake. Alilazimishwa. Hakutaka kuwauliza masheikh, kwa kuwa kuuliza ni kusimulia, na kusimulia ni kutoka chumbani. Chungu alikivunja, akanunua hamira ya kopo dukani, na vitumbua vikawa vya kawaida kama vya mtu yeyote. Baada ya Idi alifunga saumu ya kafara ya kile kiapo, akafungulia, akaanza nyingine. Alikonda. Usiku nilimsikia kupitia mbao za sakafu, anatembea.

Makungu alitoka jela masika yalipokwisha. Bi Mwamvua alipata habari, akaniomba nimsindikize, na mimi sikumuuliza kwenda kufanya nini. Tulimkuta karibu na lango la bandari, ameketi juu ya magunia na wenzake, anangoja kazi. Akaruka chini alipotuona.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, bibi. Mie nilisema kweli tu, sikujua itakuletea matata."

"Marahaba. Nshakusamehe. Nnataka unambie kitu kimoja, mwanangu, na usinicheke. Mtu akinywa ile, huwaje?"

Makungu alitazama chini kwa haya. Bibi wa makamo yale, mbele ya magunia ya watu, anamuuliza hayo! Lakini alikuwa mtu asiyejua kusema uwongo, akafikiri kwa kweli.

"Kila mtu na yake, bibi. Mwengine hucheka, mwengine hulia. Ila kwanza, kabla ya yote hayo, woga humtoka. Mie nikiwa mzima nnamuogopa karani wa gati. Nikishakunywa nnamtazama usoni na nnamwambia la moyoni mwangu, na sauti haitetemeki."

Bi Mwamvua alimshukuru. Na mimi nilikuwa nimesikia alichokisikia: njia nzima ya kurudi ile wallahi yake ya barazani, safi, isiyotetemeka, ilikuwa masikioni mwangu. Alifunga nguo zake mwenyewe, na mto wake, na kesho yake akapanda gari la Makunduchi. Ufunguo aliniachia mimi niupeleke. Bwana Msabah aliugeuza geuza mkononi, akaniuliza nani kamfukuza Bi Mwamvua. Nikamwambia hakufukuzwa na mtu.